Moshi Mweupe: Lipia Kipimo Kabla ya Gasketi

Gari likitoa moshi mweupe, fundi wa kwanza utakayemkuta chini ya mwembe, iwe Tandika au Tegeta, atakwambia gasketi imeungua. Huenda anasema kweli. Ila kabla hujampa pesa ya kufungua hedi, linganisha njia zilizopo, maana ya kwanza ni ya bure na ya mwisho ni mamilioni.

Kukagua mwenyewe: bure

Unyevu uliolala ndani ya ekzosi hutoka kama mvuke asubuhi. Njombe na Mbeya ni jambo la kila siku. Kwa joto la Dar huwa mwepesi na hukatika baada ya dakika chache. Moshi ukiendelea hata injini ikishapata moto, subiri ipoe kabisa, ndipo ufungue rejeta. Tazama kiwango cha maji, weka alama kwenye chupa ya akiba, uangalie tena kesho. Chomoa dipstiki: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Nusa moshi pia. Kulanti inayoungua hunukia utamutamu. Moshi wa kibuluu wenye harufu ya oili ni wa ringi au sili za valvu. Kwa Hiace au Canter ya dizeli, harufu ya dizeli mbichi huelekeza kwenye nozeli au taimingi.

Kipimo: pesa kidogo

Maji yakipungua bila kuvuja chini, omba kipimo. Fundi mwenye vifaa hupima kompresheni ya kila silinda na kutia presha kwenye rejeta. Wengine huweka mdomoni mwa rejeta dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya silinda. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kufungua hedi, na jibu lake unaliona kwa macho.

Dawa ya kuziba: rahisi, ila ghali baadaye

Chupa ya dawa ya kumwaga kwenye rejeta inaweza kukutoa Chalinze ukafika nyumbani. Tatizo ni kwamba huziba hata vijia vyembamba vya rejeta, na gari likaanza kuchemsha upya. Kwa gari la kazi, usiitegemee.

Gasketi na hedi: bili ya kweli

Gasketi yenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Pesa huenda kwenye ufundi, mashine, bolti, oili mpya na kulanti. Hedi ya injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Raum nyingi, ni ya alumini na hupinda ikichemshwa. Fundi anayetaka kubadilisha gasketi bila kuipeleka hedi ikapimwe na kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, anakuandalia bili ya pili. Bolti zake hukazwa Newton-mita 29, kisha huzungushwa nyuzi 90 mara mbili. Kazi hiyo haikisiwi kwa mkono.

Injini ya mtumba: mamilioni

Pesa hiyo iende kwa wauza injini wa Gerezani, Dar, ikiwa tu bloku imepasuka, au kama silinda zimechoka kiasi kwamba hedi nzuri haitasaidia. Injini hiyo nayo huijui ilikotoka, kwa hiyo muda wa majaribio uandikwe kwenye risiti. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo badiliko hilo lifikishwe TRA.

Njia yoyote utakayochagua, tafuta kilichochemsha gari. Feni isiyozunguka kwenye foleni ya Kilwa Road, themostati iliyoganda, au maji ya kisima ya chumvi yaliyotiwa badala ya kulanti yataunguza gasketi mpya kama yalivyounguza ya zamani.

Kwa hiyo kabla spana haijagusa bolti, muulize fundi mambo matatu: kipimo kimeonyesha nini, hedi itaskimiwa wapi, na gari likirudia kuchemsha nani atalipa ufundi. Akishindwa kujibu la kwanza, tafuta fundi mwingine.