Basi Kubwa Si Dawa ya Marereni

Kila ninapozungumzia usafiri na watu wa Magarini, swali ni lile lile: serikali itatuletea lini mabasi makubwa? Nimelijibu hadi nimechoka. Basi kubwa halitampunguzia mtu wa Marereni muda wa kungoja. Saa nyingi za mchana litamwongezea.

Tupige hesabu. Tuseme ikishapita saa nne asubuhi, steji ya Marereni inapata abiria 20 kwa saa wanaokwenda Malindi, na gari haling'oki mpaka lijae. Matatu ya abiria 14 itajaa kwa dakika 42. Ya abiria 33 itachukua saa moja na dakika 39. Basi la viti 51 litakaa zaidi ya saa mbili na nusu. Mama aliyepanda wa kwanza, na mtoto wake ana homa, ataketi humo saa zote hizo? Atashuka aingie gari dogo la Probox linaloondoka sasa hivi, na basi lizidi kuchelewa. Hapo hakuna siasa wala maoni, ni kugawanya tu.

Tena angalia gari lenyewe. Kufika Malindi, kilomita 40 na ushei, chukulia ni saa moja. Likijaa kwa dakika 42 kila upande, kwenda na kurudi ni dakika 204. Kwa saa 12 za kazi halimalizi hata mizunguko minne. Punguza kungoja kuwe dakika 10 kila upande, na gari lile lile, dereva yule yule, linafanya mitano. Viti vimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 bila kununua hata tairi. Na viti vinavyotoka vitupu havipotei: Gongoni na Mambrui kuna watu barabarani wanaopungia mkono magari yaliyokwisha kujaa.

Imani hii ya ukubwa ilishawahi kuwa sera. Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kuanzia 2011 matatu mpya za abiria 14 hazitasajiliwa. Nendeni Malindi leo mtazame zinazopakia: bado ni zile zile. Dar es Salaam nao walianzisha mwendokasi Mei 2016, mabasi marefu yenye njia yake yenyewe, kilomita 21. Pale panafaa, kwa sababu kwenye kituo cha Kimara asubuhi basi hujaa kwa dakika chache. Hata hivyo watu wamekuwa wakisongamana vituoni kila mabasi yanapokuwa machache. Kama urefu wa basi hauwatoshi watu wa Kimara, utatusaidia nini sisi?

Kwa kungoja huku kwetu anayelaumiwa ni makanga, na mimi sikubaliani. Dereva anadaiwa hesabu ya mwenye gari jioni, mafuta ni juu yake, na hakuna anayemlipa kwa kuondoka na viti sita vitupu. Hapo ndipo pa kutibu.

Basi fanyeni hivi. Sako za matatu ziweke nauli za magari yote katika mfuko mmoja, dereva na makanga walipwe mshahara, gari liondoke kwa saa iliyobandikwa stejini. Kaunti ilipie safari chache za mchana na usiku zisizojilipa, kwa mkataba unaotaja saa, na huduma isipotolewa kwa wakati isilipe. Magari ya abiria 33 yatumike watu wanapotoka kazini kwenye mashamba ya chumvi, siku za soko na shule zinapofungwa, kisha yapumzishwe. Kampuni za chumvi zipishanishe saa za kutoka, hata kwa nusu saa. Mabasi ya Lamu yasihesabiwe: mara nyingi yanafika hapa yamejaa. Na vijiji vya ndani upande wa Adu vinahitaji kwanza barabara inayopitika wakati wa masika, kisha matatu mbili za saa maalumu, asubuhi na alasiri, zinazokutana na gari la Malindi. Bodaboda ibaki kwa kipande cha mwisho, kufika mlangoni.