Kabati Sawa juu ya Sakafu Isiyo Sawa

Mtu akisimama ufukoni mwa Ziwa Viktoria pale Bukoba, siku isiyo na upepo, huona maji yametulia sawasawa mpaka upeo wa macho. Lakini chini ya maji hayo mna mabonde na majabali. Juu ni sawa, ingawa chini si sawa. Fundi seremala awekapo makabati ya jikoni hana budi kufanya vivyo hivyo.

Sakafu za nyumba nyingi katika Bukoba na Muleba haziko sawa. Nyingine zilisakafiwa kwa kukadiria kwa macho tu, nyingine zimedidimia, tena tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, lilitia nyufa katika nyumba nyingi. Kabati likiwekwa ovyo juu ya sakafu ya namna hiyo, hupindika. Milango yake haifungiki, na sufuria ya maji ya moto iliyo juu yake yaweza kuteleza ikamwunguza mtoto.

Je, fundi afanyeje? Kwanza huchukua mpira mwembamba uonyeshao ndani, akautia maji, akahakikisha kwamba hamna mapovu ya hewa. Ncha zote mbili zikiinuliwa na kuachwa wazi, maji husimama kwa kimo kimoja katika kila ncha, hata zikiwa mbali. Hutia alama ukutani penye maji, kisha huunganisha alama hizo kwa mstari.

Pili, hupima toka mstari huo mpaka sakafuni. Tuseme amepata sentimita 100 karibu na mlango, 101 katikati, na 103 pembeni. Sakafu imeinuka zaidi wapi? Ni mlangoni, kwa kuwa hapo kipimo ni kifupi. Basi hapo ndipo aanzie. Kabati la kwanza hukaa juu ya sakafu yenyewe. La pili huinuliwa sentimita 1, na la tatu sentimita 3. Fundi mwenye haraka huanza pembeni, mahali palipo chini. Afikapo mlangoni huona kabati limezidi kimo, wala hawezi kulizamisha sakafuni. Humbidi alikate chini, au aondoe yote na kuanza upya.

Tatu, huinua kabati kwa kabari za mti mgumu. Huziweka chini ya kingo zibebazo uzito, mbili mbili zikielekeana, ili kabati lipande polepole lisilalie upande mmoja. Kila mara huweka pimamaji juu yake, kwa urefu na kwa upana. Yakiwa sawa, huyafunga makabati pamoja, na kisha ukutani, kwa parafujo.

Mwisho huziba mwanya wa chini kwa ubao. Hutumia bikari, kama ile mtumiayo katika hesabu. Huifungua kwa upana wa mwanya mkubwa kuliko yote. Mguu mmoja hutembea sakafuni, na kalamu huchora ubaoni umbo lile lile la sakafu. Kisha hukata kwa msumeno.

Ubao huo hufunika kabari, mgeni asizione. Fundi mvivu naye aweza kufunika kazi mbaya kwa ubao huo huo. Lakini mlango wa kabati utamfichua.

Maswali

1. Kwa nini fundi huanza mahali palipoinuka?
2. Vipimo vikiwa sentimita 96, 98 na 99, kila kabati litainuliwa kiasi gani?