Je, Wajua? Programu Ikijifunga Ghafla Huacha Ushahidi

Umekaa stesheneri ya Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa. Barua imefika nusu, mara programu inajifunga yenyewe. Fundi anasema tupige Windows upya. Subiri kwanza!

Je, wajua kwamba Windows huweka rekodi ya maanguko ya namna hii? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, kisha fungua rekodi za programu. Utakuta saa, jina la programu, faili iliyohusika na msimbo wa kosa. Msimbo 0xc0000005, kwa mfano, maana yake programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Kosa likiiandama programu moja tu, isasishe au uisakinishe upya. Likirukaruka kutoka programu hii hadi ile, shuku RAM, yaani kumbukumbu yenyewe ya kompyuta: andika mdsched pale pale ulipoandika eventvwr, na kompyuta itaipima ikiwaka upya.

Mwinuko wa milima ya huku usiusingizie kuwa chanzo cha maanguko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na diski kuu nyingi hutengenezwa zifanye kazi hadi mita 3,000 hivi. Hata kilele cha Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, hakifiki hapo. Vumbi la kiangazi kwenye feni ndilo la kuogopa, kwa kuwa huleta joto, ingawa joto kwa kawaida huizima kompyuta nzima, si programu moja.

Kabla hujamwita fundi, piga picha msimbo wa kosa kwa simu yako.