Mvinyo "Mkavu" ni Kiswahili cha Nani?

Miongoni mwa kazi ninazowapa wanafunzi wangu wa tafsiri ni kibandiko cha chupa ya mvinyo mweupe wa Ujerumani, wa zabibu aina ya Riesling. Simhimizi mtu anywe, namtaka asome. Neno linalowasumbua ni moja tu, trocken. Aghalabu huandika "mvinyo mkavu", wakapita. Mwaka huu mwanafunzi aliyelelewa Kawangware alikataa. Kwao, alisema, kilicho kikavu ni ugali usio na mboga, au chai isiyo na mkate. Kinywaji kitakuwaje kikavu ilhali kinalowesha koo? Wenzake walimcheka na kumwambia aache lugha ya mtaani. Mimi nilimwona kuwa ndiye pekee aliyekisoma kibandiko.

Tuanze na Wajerumani wenyewe. Katika sheria, neno hilo hupimwa kwa sukari. Mvinyo huitwa hivyo ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita; waweza kufika gramu 9 endapo asidi yake haipungui kiasi hicho cha sukari kwa zaidi ya gramu 2. Yaani hamira imekwisha kula sehemu kubwa ya utamu wa zabibu, ukatamalaki uchachu. Hilo ndilo la kutafsiriwa.

Niliwahi kukaa kwa utafiti mjini Mainz, katika eneo la Rheinhessen, ambalo ni kubwa kuliko yote Ujerumani kwa kilimo cha mizabibu. Huko mvinyo haukutajwa bila chakula chake. Asparaga nyeupe za majira ya kuchipua huandamana na Silvaner usio na utamu; samaki na nyama ya nguruwe huandamana na Riesling. Majira ya pukutizi huja Federweißer, mvinyo ambao ungali unachachuka, hata chupa yake haizibwi barabara isije ikapasuka, nao huliwa na mkate wa vitunguu. Mtu wa Kibera aijuaye busaa hangehitaji mkalimani hapo: nayo, ya unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi, hunywewa kabla haijatulia.

Na kwa nini Riesling uchukuane na samaki? Kwa sababu ile ile inayomfanya mama muuza samaki wa Kibera akukamulie limau juu ya ngege wa kukaanga. Uchachu hukata shombo na kupunguza uzito wa mafuta. Katika nyumba za Wanubi, waliokaa Kibera kwa zaidi ya miaka 100 na ambao kwa dini yao hawanywi pombe, kachumbari kando ya pilau hufanya kazi hiyo hiyo. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi hugombana na samaki, ukaacha ladha ya chuma kinywani. Ama mutura wa Kawangware uliojaa pilipili, huo ningeutafutia Riesling wenye utamu kidogo, kwani pombe huchochea pilipili.

Tazama maneno niliyoyatumia: uchachu, shombo, ukakasi. Hakuna hata moja lililobuniwa na kamati. Yote yanasikika penye makaa na karai, na mtoto huyajua kabla ya kuingia darasa la kwanza. Sisi walimu ndio tumfundishao kuyaonea haya, kisha tukilalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo ya kisasa.

Sikatai mikopo. Mvinyo wenyewe tuliupata kwa Wareno, na divai kwa Wafaransa. Lakini "mkavu" si mkopo wa neno. Ni mkopo wa maana, tena usiotangazwa, nao unagongana na maana tuliyo nayo tayari. "Mkali" nalo halifai, maana msomaji atadhani tunazungumzia nguvu ya pombe, akaukumbuka msiba wa Novemba 2000, pombe yenye sumu ilipowaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Tafsiri mbovu ya kibandiko si mzaha.

Kijana yule aliandika: "mvinyo usio mtamu, wenye uchachu kama wa limau". Nilimpa alama zote. Muhula ujao nitawatuma wenzake Kibera na Kawangware, daftari mkononi, wayaandike maneno ya ladha kabla ya kufungua kamusi.