Mamaledi ya karoti: faida imo kwenye sukari na chupa

MOSHI. Karoti zikijaa soko la Mbuyuni, muuzaji hana subira nazo. Hunyauka kwa siku chache, na zinazobaki jioni huondoka kwa bei ya kutupa. Katikati ya mwaka machungwa ya Muheza nayo huingia kwa wingi. Hapo ndipo akina mama wengi huanza kupiga hesabu ya mamaledi, wakizitazama hoteli za Moshi na Marangu zinazolaza wapanda mlima wenye kupenda mkate na jamu asubuhi.

Hesabu hiyo huwapotosha wengi, kwa sababu huanza na karoti. Karoti ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Anayekula mtaji ni sukari, na baada yake chupa.

Kipimo kinachofaa kuanzia ni hiki: karoti kilo 1, machungwa nusu kilo, malimau nusu kilo, maji lita 1 na nusu, sukari kilo 2. Limau lisipunguzwe. Karoti haina uchachu wa kutosha, na pektini, ile inayogandisha jamu, imo kwa wingi katika maganda na kokwa za limau na chungwa. Kokwa zifungwe kwenye kitambaa cha shashi na kulazwa majini usiku kucha pamoja na maganda yaliyokatwa nyembamba. Kesho yake chemsha vyote na karoti iliyokwaruzwa mpaka ganda livunjike kwa vidole, utoe kitambaa baada ya kukikamua, ndipo utie sukari. Ukiitia mapema, ganda hubaki gumu hata ukipika mpaka jioni.

Sasa jambo linalowaunguzia watu sufuria huku mlimani. Vitabu vingi husema jamu iko tayari ikifika nyuzi 105 za Sentigredi. Hizo ni nyuzi za pwani. Mjini Moshi, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 97. Marangu, kupita mita 1,300, ni kati ya 95 na 96. Kwa hiyo pima kwanza maji yanayochemka nyumbani kwako, kisha ongeza nyuzi 5: mjini ni 102 hivi, Marangu 100 na kidogo. Anayengoja 105 Marangu anaunguza sukari yake na kuni zake. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye kisahani baridi na alisukume kwa kidole. Likikunja ngozi, epua.

Kilo 1 ya sukari hutoa chupa 3 za gramu 500, na kidogo cha kuonja. Ukiona mtu anapata chupa 4, ameuza maji, na baada ya kufunguliwa chupa hiyo itaota ukungu mapema. Kishawishi hicho huja sukari inapopanda. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini, na hata Moshi, yenye kiwanda cha TPC pale Arusha Chini, haikupona. Mwenye busara wakati kama huo hupika chupa chache au hupandisha bei. Hoteli iliyorudishiwa chupa yenye ukungu na mgeni haitanunua tena.

Chupa kuukuu zaweza kutumika zikichemshwa vizuri, lakini kifuniko kiwe kipya. Anayetaka kuingia madukani atahitaji pia usajili wa TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia chakula badala ya iliyokuwa TFDA. Mafunzo ya usindikaji hutolewa na SIDO, na ofisi yao ipo Moshi.

Kwa wanaoota soko la nje: sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya 2001 inaihesabu karoti kuwa tunda kwa ajili ya jamu, ila jina la mamaledi iliwaachia jamii ya machungwa. Lebo ya huko ingesema jamu ya karoti. Hapa Mbuyuni mnunuzi haulizi hilo. Huigeuza chupa juu chini, akatazame kama inatiririka.