Volti Zinazouzwa na Seli Zinazobebwa

Mteja akiwekewa drili mbili za betri kwenye kaunta, moja ya volti 18 na nyingine ya volti 20, mara nyingi huondoka na ya 20 akiamini amejipatia volti mbili za ziada. Hakuzipata. Ndani ya zote mna seli 5 za lithiamu zilizopangwa mfululizo. Seli moja hutoa volti 3.6 kwa wastani ikiwa kazini, na 4.2 inapotoka kwenye chaja. Zidisha kwa 5 upate 18 au 21. Ndiyo maana DeWalt huuza betri ileile kwa jina la volti 20 Marekani na 18 Ulaya. Ile inayoitwa ya 12 ni seli 3, yaani 10.8, na ile ya 40 ya Makita ni seli 10, yaani 36. Huo ni ujanja wa biashara, lakini angalau una hesabu nyuma yake. Maandishi ya 88VF au 388VF kwenye mashine za bei poa hayana hata hiyo: ukilifungua ganda, kwa kawaida unakuta seli 5, au jozi 5, na volti 21 betri ikiwa imejaa. Muuzaji anayeapa kwamba ni volti 388 anadai kuwa ameweka kiganjani mwa fundi umeme unaoushinda ule wa ukutani, na bado watu wanalipa.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba volti ndizo nguvu. Chukua seli 10 za aina ya 18650, kila moja gramu 45 hivi na ampea-saa 2.5. Zipange jozi kwa jozi, upate volti 18 na ampea-saa 5. Zipange zote mstari mmoja, upate volti 36 na ampea-saa 2.5. Zidisha: wati-saa 90 hapa, wati-saa 90 pale, na uzito wa seli ni gramu 450 kotekote. Sasa zidai wati 720. Mpangilio wa kwanza utatoa ampea 40, wa pili ampea 20, na hapo ndipo mashabiki wa volti hushangilia mapema. Katika ule wa kwanza, ampea 40 zinagawanywa na seli mbili za kila jozi. Kwa hiyo kila seli, huku na huku, inabeba ampea 20. Ukinzani wa seli ukiwa miliomu 20, kila moja inapoteza wati 8 kama joto, na zote 10 wati 80, uzipange utakavyo. Seli haijui imeandikwa nini kwenye ganda.

Mbona basi misumeno mikubwa na grinda nzito hutengenezwa kwa volti 36 au 54? Kwa sababu ya vilivyo nje ya seli: nyaya, swichi, ncha za betri na saketi inayoendesha mota. Mkondo ukipungua nusu, joto la vitu hivyo hushuka hadi robo, na waya mwembamba unatosha. Ni faida ya kweli kwa mashine inayokula umeme mwingi kwa dakika nyingi. Kwa skrubu haina maana yoyote.

Anayefunga dari za jipsam ana swali jingine kabisa, nalo ni uzito. Betri ya volti 18 yenye seli 10 huzidi nusu kilo. Yenye seli 5 ina gramu 350 hivi, na ya seli 3 karibu 200. Tofauti hiyo mkononi dukani ni ndogo, lakini mikono ikiwa juu ya kichwa kutwa nzima, bega ndilo linaloilipa. Wapo watakaosema betri ndogo ni dhaifu, na kwenye grinda wana haki: wati zilezile 720 zingelazimisha kila seli kati ya 5 kubeba ampea 40, volti zingeporomoka, na saketi ya ulinzi ingezima mashine. Lakini kinachopungua hapo ni seli, kwa kuwa volti ni 18 zilezile. Betri hiyohiyo kwenye drili ya dari haifikii mzigo huo, na ile kubwa inaweza kubaki kwenye boksi hadi utakapofika ukuta wa zege.