Kompyuta ya Zamani Ikikataa Kuwaka

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea juu ya kompyuta ya mezani, ile nzee ya kituo cha vijana ama ya kikundi chenu cha akiba. Asubuhi unabonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa, hakuna feni. Na ndani kuna hesabu za wanachama na barua za vijana za kuomba kazi. Mtu anasema, "Hiyo imekufa, tuuze kama chuma." Ngoja kwanza.

Anza na umeme wenyewe. Kwa miaka mingi West Nile yetu ilikaa nje ya gridi ya taifa. Mji wa Arua ulitegemea jenereta za mafuta na bwawa la Nyagak karibu na Paidha, na makambini wengi bado tunatumia sola. Chomeka simu kwenye soketi ileile ya kompyuta, si ya pembeni. Simu isipochaji, shida iko kwenye soketi ama waya wa kuongezea, si kwenye mashine.

Simu ikichaji, usishangilie haraka. Simu inakula wati 5 ama 10 tu. Kompyuta ya zamani na skrini yake inaweza kula wati 100 hadi 200, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi. Inverta ndogo italia na kujizima. Betri iliyochoka nayo haitaweza, na ndiyo sababu mashine iliyokataa saa moja asubuhi mara nyingine inawaka saa sita, jua likiwa kali.

Sasa waya. Waya wa skrini mara nyingi ni sawa na wa kompyuta, basi badilisha ujaribu. Angalia pia fyuzi ndogo ndani ya plagi ya miguu mitatu.

Zunguka nyuma ya mashine. Kuna swichi ya kuwasha na kuzima. Mtoto anayefagia anaweza kuigusa bila kujua. Baadhi zina swichi nyingine, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240, kwa hiyo iwe 230. Ukiikuta 115, chomoa plagi kabla ya kuisogeza. Kama ilishachomekwa hivyo, ikalia "paa!" na harufu ya kuungua ikatoka, usijaribu tena. Peleka kwa fundi.

Bado kimya? Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika, kisha chomeka upya. Inaonekana kama mchezo, lakini inamaliza umeme uliobaki ndani, na mashine nyingine huamka.

Ukifungua ubavu wa mashine, waya uwe umechomolewa. Gusa kwanza chuma cha fremu. Toa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usishangae kukuta udongo wa nyigu. Sukuma vizuri nyaya zilizolegea. Lakini lile boksi la chuma ambamo waya wa umeme unaingia, usilifungue kamwe. Linashika umeme hata baada ya kuchomoa, na umeme huo unaweza kuua.

Boksi hilo ndilo linalokufa mara nyingi. Fundi wa Arua ama Koboko mjini anaweza kulijaribu kwa kuweka lingine kutoka mashine nyingine. Mwombe afanye hivyo mbele yako, kabla ya kukutajia bei.

Na hata akisema mashine haiponi, kumbuka kwamba kazi zenu haziko kwenye boksi hilo. Ziko kwenye diski, na diski mara nyingi inabaki nzima. Mwambie aitoe, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, anakili hesabu na barua kwenye flashi. Kisha diski urudi nayo nyumbani, hata kama chuma kinabaki kwake.

(Muziki)